Herufi za Unga za Kina Anushi

Sisi tuliokulia Lindi, kabla vijana hawajaanza kuvaa tai kwenda kununua dagaa, tunalikumbuka duka la vitambaa la kina Anushi, Waarmenia. Tuliwaita Wagiriki, naye Anushi, msichana wa rika langu, hukunja ngumi: "Mgiriki babako!" Krismasi yao ilikuja Januari, Wakristo wa kwetu Rondo, kule mlimani, wamekwisha kula yao na kusahau. Kanisa lao halikuwapo pwani nzima. Bibi yake alisali kwa mshumaa nyuma ya majora ya marikani. Mkate ukimponyoka Anushi, aliuokota akaubusu. Tulimcheka, na rede tukacheza naye mpaka magoti yakachubuka.

Kila Jumamosi bibi huyo alikanda unga, akafinyanga herufi za kwao, zenye mikia na vibiongo. Anushi akiitaja herufi sawasawa, anaila ingali moto, inanukia samli. Akikosea, anapewa kaka yake. Na akisema Kiswahili ndani ya nyumba ile, bibi anajifanya kiziwi.

Nilimwuliza, "Kwani nchi yenu iko wapi?"

"Bibi anasema iko humu," akajibu mashavu yamejaa, akatoa ulimi.

Wivu ulinikaba. Mimi Mmwera, nchi yangu nikipanda mlima naiona, na ulimi sina! Baba, karani, alipiga marufuku Kimwera nyumbani. Bibi yangu aliposhuka kutoka Rondo na kikapu cha korosho, baba akamwambia, "Mama, huyu mtoto wa shule. Msemeshe Kiswahili." Bibi Kiswahili hakukijua, ila salamu. Nikasema shikamoo, akasema marahaba. Basi. Siku tisa alikaa barazani ananibangulia korosho, ananitazama tu. Akarudi kwao, akafa, hatujaongea.

Leo nina binti wa miezi saba. Nimesoma mpaka sekondari, Kiingereza nakimwaga kama maji, lakini wimbo wa kumbembeleza mwanangu kwa lugha ya bibi yangu sina hata mstari. Juzi narudi kutoka kisimani, nikamsikia baba, mzee sasa, kampakata mjukuu anamwimbia. Kimwera! Kinateleza, hakikwami popote.

"Baba! Kumbe bado unacho?"

"Ah, mama, huyu si bado hajaanza shule?"

Ndoo niliitua kwa kishindo, maji yakamrukia miguuni. Enzi zile nilimwonea wivu Anushi kwa kipande cha unga. Leo namwonea mtoto niliyemzaa mwenyewe. Nikaketi chini, mbele yao.

"Anza tena, baba," nikamwambia. "Na mimi sijaanza shule."