Usiku wa Mawingu

Pale ofisini walimwita Daktari kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu, na wenye mizaha walimjia wameshika vichwa, wakiomba dawa. Miaka kumi na mmoja, kwenye darubini ya mkoa wa mbali, alipima mwanga wa nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu. Mradi ulipofungwa, akaajiriwa na kampuni ya simu, akokotoe ni wateja gani wanaelekea kuhama. Muda wa majaribio ulikuwa miezi sita.

Mwezi wa tano wa majaribio mwalimu wake wa zamani akamwandikia kwamba darubini imefunguliwa tena. Kuna nafasi, ya mwaka mmoja tu. Ajibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Alimweleza mumewe, fundi majokofu, wakiosha vyombo.

"Halafu baada ya huo mwaka?"

"Sijui."

"Mke wangu, mimi sikukatazi. Ila mama yako ndiyo kwanza amezoea kliniki ya hapa, na watoto wamehamishwa shule mara mbili. Wewe amua tu."

Hakulala vizuri. Afadhali angekatazwa, angepata wa kugombana naye.

Wiki hiyohiyo hesabu zake zikaonyesha kwamba karibu wateja wote watabaki, na huku maduka yakilia kwamba laini zinazimwa kila siku. Alichambua siku mbili kabla ya kuona. Kila laini iliyokaa kimya zaidi ya wiki, alikuwa ameiondoa kwenye hesabu. Kule kwenye darubini, ukimya ni mawingu; nyota ipo palepale, unauruka usiku huo na kuendelea. Huku mteja aliyekaa kimya ndiye aliyekwenda zake. Alikuwa amewatupa walewale aliotumwa kuwatafuta.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kisha, polepole, likamjia wazo ambalo hakuthubutu kulitazama usoni: akifukuzwa na kurudi kwenye darubini, hatakuwa ameiacha familia. Atakuwa amefukuzwa tu, na nani humlaumu aliyefukuzwa?

Angeweza kunyamaza mpaka kikao cha Alhamisi, waligundue kosa wenyewe. Lakini kuacha namba ya uongo isimame hakuweza, mkono ulikataa. Jumanne asubuhi akabisha kwa meneja, mwanamke aliyemzidi miaka kumi, akaeleza yote bila kujitetea.

Mabega ya meneja yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Yaani Daktari, umezika maiti, ukatangaza kwamba hakuna aliyekufa?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi nikwambie. Waliokutangulia kwenye kiti hicho walifunika makosa mpaka yakanuka. Wewe umeniletea la kwako mkononi." Akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi. "Sisubiri mwezi wa sita. Weka sahihi, umethibitishwa."

"Naomba siku mbili nifikirie, dada."

"Ufikirie nini tena?"

Alitafuta jibu. Kila alilolipata lilikuwa na sura ya mtu wa nyumbani. Akachukua kalamu, akasaini.

Alimwandikia mwalimu kabla ya chakula cha mchana, asije akapata jioni nzima ya kusitasita: asante sana, mpe mwingine. Jibu halikuchukua dakika kumi. Asijali, wapo watatu wanaoisubiri nafasi hiyo, na mmoja ataanza Jumatatu.