Picha Yangu Kwa Fomu Yake

Mtu akifungua gundi hapa kwa cyber tao, pua yangu inarudi Riruta, kwa meza ya auntie.

Mimi na kazin yangu tulikuwa tumemaliza darasa la nane. Alikuwa anaomba nafasi kwa shule fulani ya wasichana Woodley, ile wanafundishwa masomo zingine kwa Kizungu, zingine kwa Kifaransa. Picha tulikuwa tumepigwa wote wawili siku moja, na koti moja ya studio, kubwa, inanuka jasho ya watu. Halafu matokeo ikatoka. Auntie akaniambia, "Wewe alama zako hazifiki hata kwa gate."

Nikacheka na meno yote. Lakini kazin alipoenda kuoga, nilibandua picha yake kwa fomu nikabandika yangu. Nilitaka tu afukuzwe, turudi nyumbani wawili.

Asubuhi auntie akatutuma tupeleke fomu huko shule. Karani akaangalia picha, akamwangalia kazin.

"Huyu ni wewe?"

Kazin akaitazama. Akanitazama. Mimi nilikuwa nahesabu vidole vya miguu.

"Ni mimi, madam. Hiyo siku nilikuwa nimesukwa vibaya."

Karani akacheka, akagonga muhuri.

Huko nje nilingoja kofi ya kazin. Haikukuja.

"Si ungeniambia tu unataka kuingia," akasema, akanishika mkono tukavuka barabara.

Akaitwa hiyo shule. Akasoma Kifaransa yake mpaka akamaliza. Mimi pia niliingia huko, lakini picha tu, kwa faili yake.