Pale Kaa Alipokomea

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimebeba magunia ya karafuu mgongoni pale mjini Chake kabla sijaota ndevu, nimelala juu ya magunia hayo hayo, na nimemwona kwa macho yangu mtu aliyepotea baharini akirudi kwao siku ya arubaini yake, akawakuta watu wanakula pilau la hitima yake naye akakaa akala. Chuo cha Kurani niliachia juzuu ya tatu, skuli sikuingia kabisa, na bado nilinunua gari ya abiria kwa fedha taslimu, ya kwanza kijijini kwetu. Nyumba yangu ilikuwa ya mabati wakati wenzangu wote wanalala chini ya makuti. Kwa hiyo nikisema kwamba kitu kilichowahi kunishangaza ni kaa, tena si yule wa pwani anayeliwa, ni huyu wa mtoni asiyezidi kifuniko cha birika, msomaji ajue sitafuti kuchekesha.

Chini ya nyumba yangu, upande wa Kengeja, panapita mto. Masika unaweza kuchukua ng'ombe. Kiangazi ni mchanga mtupu, mtu anavuka na viatu vyake. Mwaka ninaousimulia, mwisho mwisho wa miaka ya hamsini, vuli ilitupita pembeni. Visima vya juu vilikauka kimoja baada ya kimoja, na Ramadhani ilikuwa mbele yetu kwa miezi miwili hivi.

Ng'ambo ya mto alikaa jirani yangu, msuka madema ya kutegea samaki, mtu wa kanzu moja ya Ijumaa. Nitalisema mapema lisije likaonekana nimelificha: huyu ndiye aliyemposa mke wangu kabla yangu. Baba mkwe alimwambia asubiri. Akawa anasubiri, mimi nikaja na gari.

Asubuhi moja mke wangu alirudi na mtungi umejaa, na maneno yamejaa pia.

"Umeyapata wapi?" nikamuuliza.

"Kwa jirani. Kachimba mtoni, kina cha mikono miwili tu, maji hayo."

"Kajuaje kama pana maji?"

"Kaonyeshwa na kaa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akatua mtungi akaanza kunisomesha. Mto ukikauka, akasema, kaa hahami. Huyafuata maji chini. Kila usiku huchimba kidogo, akapandisha matope na kuyaacha mdomoni mwa tundu lake, vidonge vidogo kama kunde. Ukipita asubuhi ukaviona vimekauka, kaa kafa au kahama. Ukivikuta vibichi, maji yapo karibu. Jirani huunga chelewa tatu za mnazi, zile njiti za ukuti, akazitia tunduni polepole, akazitoa, akatazama zimelowa kutoka wapi.

"Na kule chini ana chumba," akasema, "kimejaa maji. Anakaa na vyura humo, na hawagombani."

"Umejuaje kama hawagombani?"

"Alinionyesha."

Sikulipenda neno lile. Wake za watu huonyeshwa vitambaa na Wahindi dukani, tena mbele za watu. Hawaonyeshwi matundu.

Kwetu maji hayazuiwi wala hayauzwi, kwa hiyo kijiji kizima kikahamia kwenye shimo la jirani. Mtu ambaye mwaka mzima hakuna aliyemuuliza amelalaje, sasa akawa anaamkiwa na wazee. Abiria wangu mimi, ndani ya gari yangu, wakawa wananiomba nisimame pale mtoni wakaone. Mmoja alisema, "Jirani yako huyu kapewa ilimu." Mimi nilipoleta gari kijijini, hakuna aliyesema nimepewa ilimu. Walisema nimepata pesa.

Jioni nilikaa barazani nikitazama wanawake wanavyoteremka. Mitungi ya wengine ilijaa kwa muda wa sigara moja. Wa mke wangu ulijaa kwa sigara moja na nusu. Nilipima siku nne, na siku nne haukubadilika.

Siku ya tano nilivaa viatu nikateremka mwenyewe. Jirani alikuwa amelala kifudifudi mchangani, shavu chini, macho kafumba, mkono wote umezama tunduni mpaka begani. Wanawake wamemzunguka kimya. Akautoa mkono taratibu, na kiganjani mna kaa jike, rangi ya chungu kilichoungua. Akamgeuza, akafunua kile kifuniko cha tumboni. Ndani mlikuwa na watoto. Si mayai, nasema watoto, wenye miguu, wadogo kama ufuta, wamemshikilia mama yao wasione jua. Mke wangu aliinama kuwatazama, na kichwa chake na kichwa cha yule bwana havikuachana hata upana wa kiganja.

"Mrudishe kwake," mke wangu akasema. "Watapata joto."

"Namrudisha, bibi."

Akamrudisha. Ndipo akaniona. "Karibu, yakhe. Umekuja kutazama?"

"Nimekuja kutazama pa kuchimba kisima changu," nikasema. Ukweli, nilikuwa sijafikiria kisima mpaka dakika ile. "Cha saruji, chenye kapi la kuvutia ndoo. Futi ishirini."

Akakaa kitako, akapangusa mchanga shavuni. "Chimba, mto si wangu. Ila nakuomba moja tu. Pale kaa alipokomea, nawe komea. Chini yake pana udongo wa kinamo, usiopitisha maji. Hilo ndilo bakuli letu. Ukilitoboa, hatuna pa kunywea, wewe wala mimi wala yeye."

"Mimi nimeanza na gunia mgongoni nikafika kwenye gari. Sifundishwi kazi na mdudu."

"Mdudu huyu lakini kakutangulia hapa," akasema, na wanawake wakacheka. Mke wangu alijificha kwa ncha ya kanga, lakini mabega yake niliyaona.

Nilileta mchimbaji kutoka Chake, na saruji, na kapi jipya. Nikachagua mahali hatua thelathini juu ya shimo la jirani, maji yaanze kwangu kabla ya kufika kwake. Nilishuka shimoni pamoja na mchimbaji, maana mimi kazi siogopi. Na hapo ndipo niliposhangaa.

Juu palikuwa mchanga mkavu, wa moto. Tulipoukata ukuta wa shimo, tukawa tumekata mji. Matundu yalikwenda chini mshazari, yameviringwa sawasawa kama yaliyopigwa mwiko wa fundi, mengine yamekutana njiani, mengine yamepishana. Palikuwa na vyura waliojikunja ndani ya udongo, macho wamefumba, ukimgusa hatikisiki, kisha polepole anavuta mguu. Palikuwa na konokono waliojifungia milango yao. Katika tundu moja kubwa alilala mkunga wa mtoni, yule samaki kama nyoka, amejizungusha kama ngata ya kubebea mtungi, ngozi yake mbichi, na juu yake mchanga ule ambao watu walikuwa wanaukanyaga kwa miezi. Na mwisho wa kila tundu, kweli, chumba, na ndani ya chumba maji baridi ya kuuma meno. Vyumba vyote viliishia usawa mmoja, kana kwamba wameupigia kamba. Chini ya usawa huo ulikuwa udongo wa kijivu unaonata.

Nilisimama pale maji yananifika magotini, nikawaza kwamba haya yote jirani alikuwa akiyajua kwa kupapasa tu, macho yamefumba. Badala ya moyo kulainika, uliniuma zaidi.

"Tajiri," mchimbaji akasema, "maji haya yanatutosha."

"Shimo lake lina kina gani?"

"Mikono miwili, umesema."

"Basi sisi bado. Shika mtaimbo."

Mke wangu alikuwa ukingoni na mtungi wake. "Baba watoto, yatosha. Bakuli hilo."

"Maneno hayo si yako," nikamwambia.

Mtaimbo ulipigwa mara nne. Mara ya tano ulizama wenyewe mpaka mkononi mwa mchimbaji, na ulipotolewa tukaona chini yake mchanga mweupe, mkavu. Maji yalizunguka mara moja pale tundu lilipo, yakashuka. Hayakufanya kishindo. Yalikwenda kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake. Kufikia alasiri shimo la jirani lilikuwa tope, na asubuhi yake tope lilikuwa limepasuka.

Asubuhi hiyo kaa walitoka. Kaa wa mtoni hatoki mchana, lakini walitoka, wakawa wanatembea juu ya mchanga huku na huku, majike na watoto wao tumboni, na kunguru wamejipanga kwenye ukingo. Jirani alikuja akasimama na kikapu, akawa anawaokota mmoja mmoja akiwapeleka kwenye kivuli cha mkoko mmoja mkubwa kule mto unapokutana na bahari. Mimi nilimngojea anitukane. Nilikuwa na majibu tayari. Hakunitukana.

Mke wangu alifunga nguo zake na za watoto, akaenda kwao Mgogoni. Alisema neno moja mlangoni: "Nitarudi maji yatakaporudi."

Nikasema atakaa siku mbili. Nikampelekea mchele, sukari na doti ya kanga. Mchele akaupokea, sukari akaipokea, kanga akairudisha. Nikaanza kuwaletea watu maji kwa gari, ndani ya mapipa ya petroli niliyoyasafisha kwa majivu na ndimu. Chai ya kijiji kizima ikawa inanuka taa. Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, Mungu akulipe, lakini usilete tena." Kufika Ramadhani zilibaki siku kumi na tatu, nami nilikuwa najipikia bada la unga wa muhogo mwenyewe, na lilikuwa baya.

Nikavuka mto. Nikapiga hodi. Jirani alikuwa anasuka dema, akanisogezea mkeka.

"Niambie bei," nikasema.

"Bei ya nini?"

"Ya kuliziba bakuli."

"Halina bei. Linataka kukanyagwa." Akavuta ukindu kwa meno. "Udongo wa kuzibia wanaujua wafinyanzi. Nenda kwa wanawake ukaombe. Na mguu wako uwemo, maana aliyetoboa ndiye anayekanyaga. Wakikanyaga wengine peke yao, hauzibi."

Sijui kama ni kweli kwamba hauzibi. Najua kwamba kwetu udongo wa vyungu hukanyagwa na wanawake, na mwanamume aliyewahi kuukanyaga kabla yangu simjui. Nilikwenda. Mkubwa wa wafinyanzi, bibi mwenye miguu kama mizizi, alinitazama kuanzia kofia mpaka chini.

"Vua viatu, tajiri. Udongo hautaki soksi."

Siku mbili nilikanyaga udongo mtoni, kanzu nimeifunga kiunoni, katikati ya wanawake saba, na kijiji kimekaa ukingoni kama kimekuja kutazama ng'ombe.

"Kisigino, tajiri, kisigino. Mbona unagusa gusa?"

"Muache, yeye kazoea kukanyaga breki."

"Angekuwa kazoea breki, angeikanyaga mapema."

Tukaushusha udongo shimoni tabaka kwa tabaka, tukaushindilia kwa miguu. Jirani akawa anapima kwa chelewa zake, na alipoufikia ule usawa ambao vyumba vya kaa huishia, akainua mkono. "Hapo."

Tukaacha hapo. Mabonde ya huko juu bado yalikuwa na unyevu, akasema, utateremka chini ya mchanga kwa wakati wake.

Kila asubuhi baada ya sala niliteremka nikitazama chini, mimi niliyekuwa naenda barabarani kifua mbele. Siku tano sikuona kitu. Siku ya sita, kando ya mzizi wa mti ukingoni, palikuwa na tundu jipya, na mdomoni mwake vidonge vibichi. Nikapiga magoti. Nikaunga chelewa tatu, nikazitia polepole kama nilivyosikia inavyofanywa, nikazitoa. Zilikuwa zimelowa upana wa vidole vinne.

Abiria wa asubuhi ile niliwaacha barabarani. Nikaenda Mgogoni na gari tupu.

"Maji yamerudi," nikamwambia mke wangu.

"Nani kasema?"

"Kaa."

Alinitazama usoni, kisha miguuni, ambako udongo wa kijivu ulikuwa haujatoka kwenye kucha. Akaingia ndani akatoka na furushi lake la nguo na watoto. Tulipofika njia kuu akauliza, "Jirani keshajua?" Nikakanyaga mafuta.

Kufunga tulifunga na maji. Jirani nilimpelekea pesa kwenye bahasha, akairudisha bila kuifungua, akasema kama lazima nitoe kitu, basi nimnunulie tumbaku ya kutafuna, yake imemwishia. Mtu asiyepokea pesa yako huna namna ya kumalizana naye. Mpaka leo mke wangu huteka upande wake, na husema maji ya kule ni baridi zaidi. Ni maji yale yale, bakuli ni moja, nimemwambia mara nyingi.

Nimepiga hesabu mwenyewe bila karani: mchimbaji, saruji, kapi, petroli ya kubebea maji, kanga iliyorudishwa ikaja kupokewa, tambuu na sukari ya wafinyanzi, na tumbaku ya jirani ya senti thelathini. Ilinigharimu shilingi mia sita na kumi na nne na senti thelathini.