Gari la Mirihi na Wageni wa Kegonga

Fundi wa redio aliniuliza kama anaweza kuifunga simu yangu isipokee mtu yeyote mpaka tumalize, nami nikamwambia afunge. Ilikuwa rahisi hivyo. Alibonyeza hapa na pale, akaiweka tena mezani, na mwanangu aliyekuwa akinipigia kutoka nyumbani hakuweza kunipata tena. Nimelirudia jambo hili kichwani miaka mingi. Kila ninapolirudia, namwambia fundi hapana.

Sokoni Kosele tulikuwa watatu tuliopenda mambo ya anga: huyo fundi, muuguzi mmoja mstaafu aliyekuwa na duka la dawa pale jirani, na mimi. Nilisoma hadi kidato cha nne. Fizikia ndiyo iliyonishika, lakini maisha yangu ya kazi niliyamaliza nikikata risiti za soko, na nilipostaafu nikawa nashinda dukani kwa fundi. Tulisikia kwamba Wamarekani wamerusha gari la roboti liende Mirihi, sayari ambayo vijana huiita Mars, na tangu siku hiyo tukalifuata jinsi wengine wanavyofuata timu ya mpira. Tulijua lina magurudumu sita. Tulijua litateremshwa kwa kamba kutoka kwenye chombo kinachoning'inia hewani kwa nguvu za injini zake, na kwamba hakuna binadamu atakayeweza kulisaidia likikosea. Wapita njia walitucheka. Kulikuwa na mwuza mitumba ambaye kila asubuhi aliuliza kama gari limeshapita Rongo.

Fundi alikuwa na kompyuta, lakini simu yenye mtandao wa kutosha ilikuwa yangu. Mwanangu ndiye aliyeninunulia, alipoanza kazi ya ualimu. Fundi aliiunganisha na kompyuta kwa waya, na picha zikaja, ingawa kwa kukwamakwama. Shida ni kwamba mtu akipiga, mtandao ulikatika, na kuurudisha ilikuwa kazi.

Sasa huyo mwanangu. Alifundisha Kegonga, na huko akampenda msichana wa Kikuria. Sisi ni Wajaluo. Baba ya msichana hakujali hilo. Alichotaka ni kuwaona ng'ombe wa mahari kwa macho yake, wakiwa katika boma la mwenyewe, wakionyeshwa na mwenyewe. Kulikuwa na mwanamume mwingine wa hukohuko ambaye ng'ombe wake walikuwa tayari. Kwa sababu binti alilia, mzee alikubali kuja kwetu kwanza, Jumatatu moja. Asiporidhika, angepokea ng'ombe wa yule mwingine kabla ya wiki kuisha. Mwanangu alinieleza haya yote tukiwa tumeketi nje ya nyumba yake ndogo karibu na lango.

"Baba," akasema, "ni hiyo siku tu."

Nikamwambia nimesikia.

Gari nalo lilikuwa litue Jumatatu hiyohiyo, saa mbili na nusu asubuhi kwa saa zetu.

Nilijipigia hesabu. Kegonga ni mbali. Wageni hawangefika kabla ya saa nne. Ningeona gari likitua, nirudi, nivae koti, niwapokee. Sikumwuliza mwanangu kama watalala njiani. Kumbe walilala Migori kwa ndugu yao, wakaondoka alfajiri. Mke wangu nilimwambia natoka kidogo. Alikuwa akifagia ua kwa mara ya pili asubuhi hiyo.

Muuguzi aliponiona naingia dukani aliweka kikombe chini.

"Omera, ndugu yangu, leo si una wakwe?"

"Watafika saa nne."

"Hawa watu wanaamka na ng'ombe. Rudi nyumbani, mimi nitakueleza lilivyotua."

"Ukinieleza wewe litakuwa limetua hapo Oyugis."

Fundi alicheka. Muuguzi hakucheka. Nilivuta kiti nikaketi karibu kabisa na kompyuta.

Tuliona chumba kikubwa kilichojaa watu wenye mashati ya buluu, kila mtu na meza yake, wakipitishiana njugu karanga. Hilo lilitufurahisha, kwamba hata wao wanatafuna njugu wakiwa na wasiwasi. Hapo simu ikalia. Nililiona jina la mwanangu. Picha ikakatika. Nikajiambia ananiharakisha tu, vijana ndivyo walivyo, nikaikata. Fundi akahangaika mpaka picha ikarudi. Simu ikalia tena, jina lilelile, nikaikata tena. Kuipokea kungenichukua muda wa kusema "ndiyo, nakuja". Ilipolia mara nyingine, fundi aliniuliza lile swali lake, nami nikamjibu jinsi nilivyojibu.

Muuguzi alinitazama. "Na kama ni la maana?"

"Litangoja," nikasema.

Baada ya hapo hakuna kilichotusumbua. Fundi alitukumbusha kwamba sauti kutoka Mirihi huchukua karibu robo saa kutufikia, kwa hiyo gari lilikuwa ama limeshatua ama limeshavunjika, na sisi tulikuwa tunangoja habari tu. Kisha mtu mmoja katika kile chumba akasema limefika salama, na wale wote wenye mashati ya buluu wakaruka wakikumbatiana. Muuguzi alipiga vigelegele. Fundi alinishika mabega akanitikisa. Nilikuwa na machozi, sikatai.

Hapo ndipo ningeondoka. Lakini walisema picha ya kwanza inakuja, nami nikataka kuiona. Ilipokuja ilikuwa ndogo, imejaa vumbi, haina rangi. Gurudumu moja na mawe. Niliiangalia kwa muda mrefu. Sijawahi kukitazama kitu chochote namna ile, hata mtoto wangu siku aliyozaliwa.

Nilipita duka jingine nikanunua sukari na mkate wa wageni, nikaanza kwenda nyumbani kwa miguu, simu bado imefungwa mfukoni kwa sababu sote wawili, mimi na fundi, tulisahau kuifungua. Njiani nilipishana na gari la Probox lililokuwa likikwepa mashimo polepole. Mbele alikaa mzee mwenye kofia, fimbo yake katikati ya magoti. Nilidhani ni wanunuzi wa mahindi. Nikainua mkono kumsalimu, naye akanipungia.

Nyumbani nilimkuta mke wangu ameketi mlangoni, vikombe vimepangwa kwenye sinia, chai imejaa mpaka juu. Alinieleza bila kuinua sauti. Wageni walifika kabla ya ng'ombe kumaliza kunyweshwa maji. Mdogo wangu, ambaye boma lake ni jirani, alijitolea kuwaonyesha zizi, lakini mzee alikataa, akasema ng'ombe walioonyeshwa na ndugu wanaweza kukanwa kesho na mwenyewe. Walikataa pia kuingia nyumbani. Walisimama nje ya zizi mpaka chai ikapoa. Mke wangu aliona haya kusema nilikokuwa, akawaambia niko sokoni, narudi. Ndipo mzee akamgeukia mwanangu.

"Sokoni kuna nini?"

Mwanangu hajawahi kujua kudanganya. "Kuna gari linatua kwenye sayari nyingine. Ameenda kuliangalia."

"Gari lake?"

"La Wamarekani."

Mzee aliinua fimbo yake. "Haya," akasema. "Basi amalize kuangalia." Akaenda kwenye gari.

Mwanangu nilimkuta nyuma ya zizi. Hakulia wala hakunitukana. "Nilikupigia mpaka simu ikaniambia hupatikani," akasema.

"Niliifunga."

"Ulijua ni mimi?"

"Nilijua."

Ningeweza kumsingizia fundi, au mtandao. Angeniamini, maana mtandao wetu ulikuwa mbaya. Lakini nilimwambia kweli, na nikauona uso wake ukibadilika, ukawa wa mtu ninayekutana naye barabarani.

Kesho yake mimi na mdogo wangu tulienda Kegonga. Nilikuwa tayari kupiga magoti. Hawakunipa nafasi. Tulipewa viti, tukaletewa uji na nyama, tukaulizwa habari za mvua za Kosele. Kila nilipoanza kusema kuhusu watoto, mzee aliuliza jambo lingine kwa upole. Mwishowe nikamwambia wazi kwamba nimekosa, achukue ng'ombe awatakao, achukue zizi zima.

Akanijibu kwa Kiswahili cha taratibu, kama mtu anayemfariji mfiwa. "Mzee mwenzangu, mimi nilikuja kwako, na wewe umekuja kwangu. Tumetembeleana. Kula nyama."

Nilikula. Nikiwa bado natafuna niliwasikia ng'ombe wageni wakilia ndani ya zizi lake, wale wanaolia kwa sababu hawajazoea mahali, nikaelewa wale wa yule mwanamume mwingine wameshaletwa. Mdogo wangu alinishika mkono chini ya meza.

Msichana aliolewa mwezi uleule. Mwanangu aliacha kazi, akavuka mpaka pale Isebania, akaenda Tanzania. Kwa mama yake alipiga simu. Kwangu hakupiga. Nilijaribu kwa laini yangu, halafu kwa simu za watu. Akisikia sauti yangu anakata. Niliposikia yuko Musoma nilienda, nikauliza shule baada ya shule mpaka nikaipata aliyofundisha. Mwalimu mwenzake aliingia ndani kumwita, akatoka peke yake akiangalia viatu vyake, akaniambia samahani, mzee, hayupo. Baiskeli aliyotoka nayo nyumbani ilikuwa imeegemea ukuta. Nilikaa nje ya lango mpaka wanafunzi wakatoka wote, kisha nikaenda kutafuta gari la kurudi Sirari, mpakani.

Mke wangu aliendelea kuifagia ile nyumba ndogo ya mwanetu karibu na lango. Alipougua alimwita, na mwanangu akasema atakuja shule zikifungwa. Hakuwahi. Alikuja kumzika, akashika koleo kama wanaume wengine, akawasalimu shangazi zake na muuguzi na hata fundi. Mimi nilisimama karibu na kaburi nikimngoja. Alipita kwa upande wa pili.

Watu hunihurumia, husema alikuwa na hasira za ujana, zitaisha. Amekuwa mtu mzima sasa, na hazijaisha. Nimeshaacha kungoja simu. Kwa sababu sikutaka kukosa picha, nilimpoteza mwanangu wa kiume wa pekee. Yuko hai, ana mke, ana watoto ambao sijawahi kuwaona, na hataki kunijua. Mama yake alikufa akimwita, hayupo, na sababu ya kutokuwepo kwake ni mimi.