Mafuta kwenye Damu ya Baba

Moyo wa baba unachoka kabla yake. Akitoka shambani husimama njiani, mkono kifuani, akijifanya anatazama mawingu. Ndiyo maana daktari alitaka damu yake ipimwe mafuta, ajue ampe dawa gani.

Daktari alitueleza kwamba kwenye damu kuna wabebaji wa mafuta. Mmoja huyarudisha kwenye ini. Mwingine huyazungusha mwilini, na yakizidi huyaacha kwenye kuta za mishipa ya moyo. Katikati yao kuna protini inayohamisha mzigo kutoka kwa yule mwema kwenda kwa yule msumbufu. Kwa watu wengine hufanya bidii mno.

“Kama mpiga debe wa stendi,” nikasema. “Umeshakaa kwenye basi zima, anakushusha anakupakia kwenye bovu.”

“We mtoto, huna adabu hata na damu yangu,” baba akasema.

Sharti lilikuwa asile kitu tangu jioni, na kweli hakula. Asubuhi tukatoka kijijini kwetu Pito kwa miguu kwenda maabara. Hatujafika barabarani, baba mkubwa akatuita. Alikuwa na kimpumu, pombe ya ulezi, iliyobaki baada ya watu kumsaidia kuvuna. Akamimina maji ya moto chunguni, akamnyooshea baba mrija. Kwetu Ufipa mrija wa kaka yako hukatai. Baba akavuta.

“Baba, kipimo!”

“Kwani hiki ni chakula?”

Kule maabara, dada wa vipimo alinusa kwanza.

“Shikamoo mzee. Umekula?”

“Marahaba. Sijala, binti yangu.”

“Na hii harufu?”

“Hiyo nimekunywa.”

Akaturudisha hadi kesho.

Siku nyingine hicho kingekuwa kichekesho changu darasani muhula mzima. Ila wakati wa kurudi baba alikaa chini kando ya barabara, jasho linamtoka na baridi yote ile.

“Kesho sirudi. Nimechoka.”

“Utarudi. Mimi siwi yatima kwa ajili ya mrija.”

Hakucheka. Hata mimi sikucheka.

Kesho yake tulizungukia mashambani, njia ndefu, ili asiwepo wa kutuita. Baba alipokaa kupumzika, nami nilikaa. Miguu iliniuma.

“Umekunywa chochote leo?” dada akauliza.

“Hata mate nimetema.”

Damu ikachukuliwa. Tukakaa kwenye benchi kungoja majibu. Baba akasinzia begani kwangu, mzito kama gunia la mahindi, anapumua taratibu. Majibu yalikawia. Nikaona bora yakawie.