RNA Iliyokatika Mara Tatu

Kabla ya kuosha vyombo vya maabara, Mejumaa aliosha sahani miaka minne katika hoteli moja ya Mwembe Tayari, Mombasa. Kule sahani ikibaki na mafuta, mteja hununa, basi. Hapa, alama ya kidole ilitosha kuharibu kazi ya mwezi mzima, na asubuhi moja ya mwaka 1998 lawama hiyo alitwikwa yeye.

"Bi Mejumaa, RNA imekatika tena," alisema Daktari Joab, mtafiti aliyemwajiri, akimaanisha nyuzi nyembamba zinazobeba ujumbe wa jeni. "Mara ya tatu hii! Jasho la mkono lina vimeng'enya vinavyoikata kama mkasi. Vyombo vinaoshwa na nani?"

"Na mimi, Daktari. Na glavu sivui."

"Basi kesho usije."

Aliwawaza wanawe watatu ng'ambo ya Feri. Lakini miguu ilikataa kuondoka.

"Kuna vichupa vipya sijavigusa. Vitumie mbele yangu. Ikikatika tena, utasema mkono wa nani?"

Joab alisita, kwa kuwa RNA ilikuwa imebaki matone machache. Hatimaye akafungua pakiti. Kichupa cha kwanza alikitia RNA tupu na maji ya dumu lililokuwa mezani pake. Cha pili, RNA tupu na maji ya chupa mpya. Cha tatu akatia maji ya dumu tena, ila RNA aliichanganya kwanza na polima, molekuli kubwa iliyoundwa kiwandani, yenye matawi yanayozaa matawi. Ncha za matawi zina chaji chanya, RNA ina chaji hasi. Zikavutana, RNA ikajikunja humo ndani. Joab alitumaini siku moja itafikishwa hivyo, nzima, hadi kwenye seli za wagonjwa wa maradhi ya kurithi.

Wakangoja saa nzima. Mejumaa hakukaa. Kisha Joab akatia dawa ya kuifumua RNA kutoka kwenye matawi, akavipima vyote vitatu kwenye jeli inayotenganisha vipande kwa umeme, akawasha taa ya zambarau.

Cha kwanza, ukungu mtupu: RNA ilikuwa imekatikakatika. Cha pili, mstari mzima. Cha tatu pia, mstari mzima.

"Polima imeilinda!" Joab alinong'ona. Kisha macho yakaliangukia dumu.

"Hilo hujazwa na nani, Daktari?"

"Na mimi." Alikumbuka alivyochovya humo bomba la kunyonyea lililotoka kwenye damu, ambayo nayo ina vimeng'enya hivyo. "Niwie radhi, Bi Mejumaa. Nimekukosea."

Mejumaa alilisukuma dumu kando.

"Nimekuwia radhi. Lakini barua ya kazi niandikie leo. Sitaki tena kufukuzwa kwa mdomo."

Joab aliiandika kabla ya adhuhuri, akaipiga muhuri.