Shangazi Amemrudishia Baba Watoto

Jamani, leo nina hasira na shangazi yangu, na shangazi hagombezwi.

Mnawajua samaki wangu niliowatoa ziwani Lupingu, wale ninaowafuga kwenye sanduku la vioo vilivyobaki nilipotengeneza madirisha ya nyumba ya Bwana Shauri?

Mama alizaa! Samaki hawa huwalea watoto mdomoni. Wakiogopa kitu, mama anafungua mdomo, wote wanaingia.

Baba yao nilimtenga kwenye debe nyuma ya mlango, maana huwala. Ameshanimalizia watoto mara mbili.

Asubuhi nikaenda zangu kazini. Shangazi, aliyekuja juzi kutoka Lupembe, akabaki nyumbani.

Narudi jioni, ananipokea mlangoni anacheka.

"Mwanangu, nimekuokolea watoto! Nilipoinama kuwaangalia, yule mama akaanza kuwameza! Nikamchota kwa chujio, akawatapika wote."

"Halafu ukamweka wapi, shangazi?"

"Kwenye debe. Baba yao nikamtoa kule ulikomfunga bure, nikamrudishia watoto wake. Watoto ni wa ukoo wa baba. Ulitaka wakae na mchawi?"

Nikakimbilia sanduku.

Maji yametulia. Baba yuko peke yake, tumbo limemjaa, hata kuogelea anajivuta.

"Shangazi, watoto wako wapi?"

"Wamelala huko chini ya mawe. Na huyo baba usimsumbue, amechoka kulea."

Nimwambieje, jamani?

Maana ameapa harudi Lupembe mpaka mama azae tena, amsaidie baba kulea, asihangaike peke yake.